Wabaski wa Kashojwa

Mimi nina hasira za karibu, na sizifichi. Siku ile chuoni Kakoba, mjini Mbarara, zilinipanda kwa sababu ya kipande cha karatasi. Mwalimu wetu wa utawala, mtu mpole kiasi cha kuudhi, alikuwa ameandika mada za mtihani kwenye vipande, akavitia ndani ya kofia yake na kuipitisha darasani. Aliyekaa kushoto kwangu akapata "Umuhimu wa soko safi." Wa kulia akapata "Faida za barabara." Mimi nikakunjua changu: "Linganisha mipango maalumu ya kujitegemea kifedha kwa majimbo ya nchi mbalimbali." Nikageuza karatasi nione kama nyuma kuna huruma yoyote. Nyuma palikuwa peupe.

Mwalimu akasema tuna majuma matatu, kisha kila mtu atasimama mbele aeleze kwa mdomo. Nikamwomba mtu wa barabara tubadilishane. Akaikunja karatasi yake, akaitia mfuko wa shati na kuubonyeza kwa kiganja. Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Siku nne za juma nalima na mama yangu Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na siku tatu nasoma Mbarara. Jimbo nililolijua vizuri lilikuwa moja tu, nalo nililikimbia.

Siku za masomo nililala kwenye chumba cha uani kwa sajenti mmoja wa jeshi. Sote tulimwita afande, hata mke wake. Asubuhi, kabla hajaenda kambini, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na kikombe cha chai na yai moja la kuchemsha, akauliza watu maswali kwa Kiswahili chake cha kambini. Asubuhi ile zamu ilikuwa yangu.

"Wewe iko nasoma nini saa hii?"

Nikamweleza kwamba kuna nchi ambamo sehemu fulani hukusanya kodi yake yenyewe na kuitumia yenyewe, ingawa bado iko ndani ya nchi ile ile.

Akaweka kikombe chini. "Hiyo ni uasi."

"Si uasi, afande. Ni sheria."

"Ni federo?" Federo ndilo neno la Uganda la kubishania nani awe na mamlaka, katikati au sehemu, na afande hakutaka libishaniwe kwenye viti vyake. Nikamwambia inakaribiana. Akafikiri, akamenya yai taratibu. "Kama jimbo nakula pesa yake peke yake, nani nalipa askari?"

Kitabu nilichoazima maktaba kilihitaji kurasa arobaini kulifikia swali hilo. Basi nikamweleza habari za Wabaski, watu wa kaskazini ya Hispania. Wao hukusanya karibu kodi zote kwa mikono yao, kisha huipa Madrid fungu waliloafikiana, kwa ajili ya mambo ambayo Madrid huwafanyia wote: mabalozi, jeshi na kadhalika.

"Nalipa jeshi?"

"Wanalipa."

"Basi hao ni watu muzuri."

Mke wake alikuwa nyuma yetu akiokota mayai. Kuku wale walikuwa wake tangu vifaranga, mayai aliyauza mwenyewe sokoni, na hakuna mkono mwingine uliothubutu kuingia bandani. "Kumbe mimi ni Mubaski," akasema. "Kuku yangu, mayai yangu. Kila asubuhi nalipa serikali yai moja juu ya ulinzi."

Afande akalitazama lile yai lililobaki nusu, na nikaona hesabu inapita usoni mwake. "Ulinzi napanda bei," akasema. "Sasa ni mayai mbili."

Mama mwenye kuku akanigeukia. "Hao watu yako naongea bei kila siku?"

Mtu mwenye akili angekunywa chai yake akanyamaza. Mimi nikasema kweli, kwamba sheria ya fungu lao hupangwa upya kila baada ya miaka mitano. "Basi kuja baada ya miaka tano," akamwambia mumewe, akaondoka na mayai yake. Afande akanitazama mimi, si mke wake, na kwa muda wa siku kadhaa hakuniuliza tena nasoma nini.

Nilirudi Kashojwa kichwa kimevimba. Nilikuwa nimeeleza jambo la Ulaya kwa yai, na limeeleweka. Nikajiona nafaa kutatua tatizo lolote la dunia, na kwa bahati mbaya nyumbani lilikuwepo moja linanisubiri.

Mama yangu ndiye kiongozi wa kina mama wa kanisa letu. Watu wapya wanaoingia Nakivale hufikia Kabazana, huandikishwa na kulala huko mpaka waonyeshwe viwanja. Siku wanapoletwa kwenye kiwanja wana turubai, wana nguzo, na jembe kama bahati ipo. Moto hawana. Basi kina mama wetu huwapelekea sufuria ya maharage yaliyoiva, na kaa la moto ndani ya kopo, wawashie la kwao. Tunaiita sufuria ya kwanza, na imepikwa tangu nilipokuwa sijaota ndevu. Ni ile ile moja, kubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto. Sikio lake moja liling'oka zamani, na mahali pake pana waya wa umeme wa kijani uliosokotwa mara saba na fundi nisiyemjua.

Sufuria ile ina sharti moja: haiandikwi. Hakuna anayeuliza jina, kabila wala kanisa, na aliyekula hakumbushwi mpaka afe, hata mkigombana naye vipi. Tenda wema uende zako, husema Waswahili, lakini kina mama wetu walikwenda mbali zaidi, wakajifanya hata kusahau. Nimewahi kumchokonoa mama aniambie nani na nani katika wakubwa wa Kashojwa walikula sufuria ile. Hutazama ukuta. Ukiendelea kumchokonoa, huuchunguza ukuta kana kwamba anataka kuununua.

Maharage yalitoka kwenye shamba ambalo kina mama walilima pamoja. Msimu ule, baraza la kanisa, yaani mchungaji na wazee watano, likaamua mavuno ya vikundi vyote yaingie depo moja, kufuli moja, ufunguo shingoni mwa mchungaji. Kisa kilikuwa kipaza sauti, au bafle, kama wanavyosema kwetu. Kanisa la ng'ambo ya njia lilikuwa limenunua lao, na Jumapili mahubiri yao yaliingia madirishani kwetu yakatuzidi nguvu, tukajikuta tunaitikia amina kwa neno la watu wengine. Mchungaji wetu aliona aibu. Simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaitikia mara mbili, na mara moja nilisimama.

Lakini tangu siku ile, mama aliyetaka maharage ya sufuria ya kwanza alipaswa kujaza fomu: tarehe, kiasi, majina ya watakaokula, sahihi zao. Kina mama wakakataa majina. Baraza likakataa maharage. Siku mbili kabla sijarudi, mwanamke mmoja alikuwa ameletwa kutoka Kabazana na watoto watatu, mvua inanyesha, na sufuria haikufika. Alichemsha maji kwenye moto wa kuazima, akawapa watoto maji ya moto.

"Tangu tuko huku," mama akaniambia, "ni mara ya kwanza kiwanja inalala bila moshi ya maharagi. Mutoto, sufuria haingojeake komite."

Mama huzungumza Kiswahili chake cha Kivu kwa kugomba, lakini siku ile alisema polepole, na hilo lilinichoma. Nikamwambia nina dawa. Nimesoma.

Kesho yake kina mama saba walikusanyika uani kwetu kuchambua mbegu, nami nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, simu mkononi, nikawatembeza duniani. Nilianza na visiwa vya Åland, ambavyo viko Finland lakini watu wake husema Kiswidi. Serikali hukusanya kodi, kisha huwarudishia fungu wajipangie wenyewe.

"Inabarudishia kweli?" akauliza mama mmoja mnene, sauti ya kwanza ya kwaya, ambaye hucheka kwa mabega.

"Kweli. Kila mwaka."

Wakatazamana. Visiwa havikuwashangaza hata kidogo, wala Kiswidi. Nikaenda Greenland, nikasema ni barafu tupu, na Denmark huipelekea fedha kila mwaka.

"Juu ya barafu?"

"Kwa ajili ya watu walio kwenye barafu."

"Siye tuko na batu, na tuko na matope," akasema. "Andika."

Nikawapeleka Aceh, ambako walipigana na serikali ya Indonesia miaka mingi, na walipopatana wakapewa fungu la pekee, ila lina mwisho wake. Bibi mmoja aliyekuwa amenyamaza akasema hiyo ni sukari ya kunyamazishia mtoto, ikiisha atalia tena. Nilipofika Hong Kong, nikaeleza kwamba ina mapato yake yote na haiipi Beijing kodi hata senti, kina mama wakapiga makofi, wakasema njo hiyo, tumemaliza, leta kalamu.

Mama yangu akakataa. "Hapana. Mwenye hatoake kitu ku sahani ya bote, siku ya kikao atafunga kinywa. Na kanisa ni ya siye pia."

Kisha yule mnene akauliza nililokuwa naliogopa. "Na kwetu Kongo?"

Nikawasomea. Katiba ya nchi yetu inasema majimbo yabaki na asilimia arobaini ya mapato ya taifa, palepale yanapokusanywa, kabla hayajaenda popote. Mabega ya mama yule yakaanza kutikisika. "Arobaini," akasema. Mwingine akauliza kama ilifika kwetu Uvira. Mwingine akajibu labda ilipita wakiwa shamba. Wakacheka mpaka ungo mmoja ukapinduka na mbegu zikamwagika, nami nikacheka nao, kisha nikakasirika, kwa sababu nilikumbuka darasa letu la kule kijijini, ambalo mvua ikinyesha tulisimama wote upande mmoja wenye bati. Yule bibi alijifuta macho kwa kitenge muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Mama ndiye aliyechagua. Aliwataka Wabaski, ambao nilikuwa nimemsimulia usiku wa jana yake pamoja na yai la afande. "Siye tulime, siye tuvune, siye tuweke. Kanisa tuipe fungu yake ya bafle kila mavuno, bila kukumbushwa. Na sufuria isiandikwe. Andika hiyo tu, nusu ya ukurasa, usome kanisani."

Niliandika kurasa sita.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikapewa nafasi. Laiti ningesoma nusu ya ukurasa. Lakini niliwaona watu wamekaa, macho yote kwangu, na mimi nina mtihani wa kueleza kwa mdomo. Nikaanza na utangulizi. Nilipofika Finland watoto walikuwa wamelala, na nilipofika Indonesia wazee walikuwa wamewafuata. Nilisema mara kadhaa kwamba kila sehemu yenye historia na mali yake inaweza kudai mamlaka juu ya mali hiyo. Kabla sijafika kwenye ombi la kina mama, kiongozi wa kwaya akasimama, akasema kwaya ina historia na kinanda. Vijana wakasema ngoma ni zao, wamezipasua na kuzishona wenyewe. Wapokea wageni wakadai mabenchi, kwa kuwa ndio wanaoyabeba. Mchungaji, ambaye hapendi kugombana mbele ya watu, akasema tuombe, kila kikundi kikatafakari, tutaonana Jumapili ijayo. Waliotafakari walikuwa wachache.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mzee wa mlango amekaa kizingitini na kikapu. Alikuwa amesikia hotuba yangu yote, bahati mbaya alikuwa macho, na alikuwa amehitimu peke yake. Mlango, alisema, ni mpaka, na mpakani kuna ushuru. Ushuru ulikuwa karanga tano. Mchungaji mwenyewe alilipa, akaingia. Ndani, wapokea wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao wote, na wengine tulikodishiwa ncha, karanga kumi. Kwaya iliimba ubeti mmoja ikanyamaza, kwa kuwa haikuwa na mkataba na ngoma. Ngoma zikapigwa peke yake kwa muda, kuonyesha kwamba zinaweza.

Kisha likaja suala la jogoo. Kwetu, anayetoa sadaka ya kitu, si ya fedha, kitu chake hupigwa mnada baada ya ibada, na mnunuzi mwungwana hukirudisha kiuzwe tena, hivyo kuku mmoja anaweza kununuliwa mara nne na bado yuko chini ya meza ya mchungaji anadonoa. Siku ile mzee mmoja alileta jogoo mwekundu mwenye dharau. Swali likawa mapato ya jogoo ni ya jimbo gani. Wapokea wageni walisema amesimamishwa juu ya benchi lao. Kwaya ilisema amewika ndani ya ubeti wao, kwa hiyo ni mwimbaji. Vijana walisema kamba aliyofungiwa ni ya ngoma. Nikaombwa mimi, mtaalamu, nitoe mwongozo wa kimataifa, nami nikafungua kinywa, na jogoo akaona inatosha. Kamba ikalegea. Akapita katikati ya kanisa kwa mwendo wa heshima, akafika mlangoni, mzee wa mpaka akanyoosha kikapu, jogoo hakulipa.

Akavuka njia, akaingia kanisa la wenzetu.

Kisha kupitia bafle yao, kwa sauti iliyojaa na safi, tukasikia: "Kuna jogoo ameingia hapa kwetu. Mwenyewe aje amuchukue." Tukasimama sote kwa pamoja, na sote kwa pamoja tukakumbuka kwamba hatujakubaliana nani ni mwenyewe. Tulikuwa bado tunabishana mlangoni tuliposikia mnada umeanza upande wa pili. Jogoo wetu alinunuliwa mara mbili, tukisikiliza kila kitu vizuri sana. Mara ya pili mtu wetu mmoja aliitikia amina.

Mchungaji alinitazama, shingo imemvimba. "Wewe na Baskwe zako," akasema. Hakuwahi kunisemesha hivyo. Akawageukia watu: kuanzia leo kila kitu kinarudi depo, kinanda, ngoma, mbegu, hata karanga za mpaka. Na fomu inabaki, na majina yanaandikwa, na atakayetaja tena jimbo ndani ya kanisa hili atafagia miezi mitatu.

Basi kina mama, ambao walikuwa hawajadai benchi wala ngoma, na ambao ombi lao halikusomwa hata neno moja, ndio waliopoteza kila kitu. Mama hakunisemesha njia nzima. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akavigonganisha vumbi litoke.

"Niliomba nusu ya ukurasa," akasema.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo husemwa, lakini mdomo wangu uliponza sufuria ya watu wenye njaa, na hilo sikuwa na methali yake. Sikula jioni ile. Mama hakunibembeleza.

Jumanne nilisimama mbele ya darasa Kakoba nikaeleza vizuri, nadhani. Nilimtumia afande na yai, wenzangu wakacheka. Mwalimu mpole akasubiri waishe, akaniuliza swali moja. "Umetuambia kwa nini majimbo yanataka," akasema. "Hukutuambia kwa nini aliye katikati anakubali. Yeye ana jeshi, ana ufunguo. Kwa nini aachie?"

Nikasema huachia kwa hofu ya vita. Akasema ni jibu, na je, liko jingine? Nikatafuta. Nilimwona mchungaji na ule ufunguo shingoni, nikaona hakuna sababu yoyote duniani ya yeye kuuvua. Nikasema sina. Akaandika kitu, akakata alama, akaniambia nikae. Mtu wa barabara alipata nyingi kuliko mimi, na alisema tu kwamba barabara hurahisisha usafiri.

Asubuhi yake afande akanikuta nimekaa uani nimenuna. "Wameshinda wewe?" akauliza. Nikamwambia kidogo. Akalitazama yai lake, lile moja, fungu lake lote la ulinzi, akalikata katikati kwa kisu cha mkate, akanipa nusu. Mke wake aliona kutoka bandani. Hakuongeza yai.

Ijumaa mchana nilipoingia Kashojwa, gari kutoka Kabazana lilikuwa linaondoka. Nyuma ya kanisa, kwenye kiwanja chenye visiki, walikuwa wameachwa mzee mmoja na mkwe wake mwenye mtoto mgongoni. Mzee alikuwa amekaa juu ya turubai lililokunjwa, akitazama nguzo. Mama nilimkuta njiani, sufuria kichwani, tupu.

"Twende ku pasta," akasema.

Nilisema mimi nisingependa kuonekana huko. Akasema hakuniuliza ninachopenda.

Mchungaji alikuwa uani kwake, daftari la fomu juu ya goti, ufunguo kifuani. Huyu alifika Nakivale baada yetu, miaka miwili au mitatu hivi, peke yake. Habari za kufika kwake hakuwahi kuzieleza madhabahuni, yeye ambaye hueleza hata ndoto zake. Aliponiona akakunja uso. Mama akamsalimu, akashusha sufuria, akaiweka chini mbele yake.

"Maharagi, pasta. Kuna bageni."

"Fomu, mama. Majina."

"Majina sina."

Akafungua kalamu, akainamia daftari, na jicho lake likapita kwenye sufuria. Upande uliomwelekea ulikuwa ule wa waya. Akaacha kuandika. Akanyoosha kidole, akaugusa waya wa kijani pale uliposokotwa, akahesabu mizunguko kimya kimya, nami nikaona midomo yake ikifika saba.

"Bado inashika," akasema.

Mama akatazama ukuta wa nyumba ya mchungaji.

"Nilipokuwa nairudisha, niliona aibu kurudisha sufuria ya batu iko na sikio moja. Ile waya niliitoa ku redio yangu." Akaukaza waya kwa kucha. "Redio ilikufa. Ile siku mulitia chumvi mingi."

Mama aliuchunguza ule ukuta kwa makini. Pale ndipo nilipojua, na nikaona haya, maana miaka yote nimekaa naye meza moja kanisani nikimbeza kwa ajili ya fomu zake, na kumbe naye alikaa juu ya turubai akitazama nguzo.

"Nilikula sahani tatu," mchungaji akasema.

"Siye hatukumbukake," mama akajibu.

Akauvua ufunguo. Ulinasa kwenye kola, akauvuta, akauweka ndani ya sufuria, nao ukalia. Kisha akajikaza akawa mchungaji tena. "Na bafle?"

"Debe moja ku kila kumi, kila mavuno."

"Bila kukumbushwa?"

"Bila kukumbushwa."

Mkataba wote ulikuwa huo. Haukufika hata nusu ya ukurasa, na hakuna aliyetaja Hispania. Njiani, sufuria imejaa maharage mabichi na mimi ndiye niliyeibeba, nikamuuliza mama kama aliuelekeza ule upande wa waya makusudi. Aliendelea kutembea. "Maharagi haipikwake mu kofia," akasema. "Nilileta sufuria."

Yalipoiva tukayapeleka nyuma ya kanisa pamoja na kaa la moto. Yule mzee akauliza amshukuru nani, ataje jina gani katika sala. Mama akalitazama turubai lake, akasema limefungwa vibaya upande wa upepo, akaanza kulifunga upya.

Jumanne nilimwendea mwalimu, nikamwambia nimelipata jibu la pili, kwamba wakati mwingine aliye katikati huachia kwa sababu anakumbuka mwenyewe, bila kukumbushwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa ule upole wake. Akasema ni jibu zuri, ila alama zimeshapelekwa ofisini.

Mavuno yalipokuja, kina mama walipeleka fungu la bafle asubuhi ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kuuliza. Juu ya gunia mama aliweka bakuli la maharage lililofunikwa kwa sahani, la mchungaji mwenyewe. Mchungaji akafunua, akakaa pale pale juu ya gunia, akaonja. Akatafuna polepole, akatazama ndani ya bakuli, kisha akamtazama mama.

"Mama," akasema, "chumvi haiko."